Mguu wa Kuku na Waranti Yake

Jumanne, 3 Juni 2025

Bastola imenikwama tena, na mbele za watu. Jumamosi asubuhi, uwanja wa klabu, baridi ya kukata masikio. Nimesimama sawasawa, nimevuta pumzi, nimebana kifyatuo. Kimya. Nikabana tena. Kimya kile kile. Glenys, mama wa Kizungu anayesimamia klabu yetu ya shabaha, akaniambia niiweke chini taratibu. Nikaiweka. Pembeni yangu Bertrand Kubwimana, Mburundi tunayesali naye, alikuwa anaitoboa karatasi yake katikati kana kwamba ameahidiwa mshahara.

Leo kabla ya kazi nimeipeleka kwa Dragan, fundi wa bastola hapa Smithfield, karibu na ghala ninakoendesha foklifti, gari la kuinulia mizigo. Akaifungua, akachungulia, akanusa. Kwa nini anuse? Fundi gani ananusa? Akasema waranti ingali hai, ila uamuzi si wake. Ni wa wenyewe walioitengeneza, kampuni ya Kestenholt huko Ulaya. Atapiga picha, atazituma, mimi niwaandikie huduma kwa wateja nieleze tatizo.

Ukweli niuandike hapa kwa kuwa hakuna asomaye. Mafuta ya bastola yaliniishia mwezi wa nne nikatumia mafuta ya nazi, yale ya nywele za mke wangu Achola. Mimi nimezaliwa na kukulia Changamwe. Mombasa mafuta ya nazi ni maji mwaka mzima. Nani aliniambia kwamba huku Australia, Mount Druitt, Juni ni baridi na yanaganda kama mshumaa? Hakuna. Nimeusoma mwongozo wa kampuni mwanzo mpaka mwisho na hakuna mahali walipokataza nazi. Kwa hiyo kosa ni lao.

Shida ni moja. Sheria ya huku inataka mwenye leseni ya bastola ya michezo ashiriki mashindano kadhaa kila mwaka. Mimi limenibakia moja, na mwaka wa klabu unafungwa mwisho wa mwezi huu. Nisiposhiriki, Glenys atawaarifu polisi na leseni itakwenda na maji. Achola anasema heri iende. Haelewi. Ghalani mimi ni Max wa foklifti. Nyumbani mimi ni Baba Nanjala, toa takataka. Ni pale uwanjani tu ndipo mtu amewahi kuniambia "good shot" akimaanisha. Leseni ile naipenda. Ikitoka mkononi mwangu nitaumia, wala sioni haya kusema.

Glenys kanishauri nitumie bastola ya klabu, ile ya wanaojifunza, yenye utepe wa manjano kwenye mpini. Nimekataa. Bertrand naye akaja na tabasamu lake akasema kaka, tumia yangu tu. Nikamwambia asante, yangu iko tayari. Wakati huo ilikuwa mezani mbele yetu, imekaza kama jiwe.

Alhamisi, 5 Juni

Jibu kutoka Kestenholt. Anayejibu anaitwa Anneliese. Ananiita mteja wao wa thamani kubwa. Anasikitika sana. Anauliza nilitumia mafuta gani.

Nimemjibu: yale yanayofaa.

Kisha nikaingia akili. Hawa watu hawamwogopi dereva wa foklifti. Nikaongeza chini ya jina langu "Dkt." Nikaongeza "Mkurugenzi, Taasisi ya Mitambo, Mount Druitt." Taasisi haipo lakini Mount Druitt ipo, kwa hiyo nusu ni kweli.

Jioni amejibu. Adabu imeongezeka maradufu, swali ni lile lile. Sasa anamwomba Daktari, kwa kuwa ni mtaalamu wa mitambo, aeleze mafuta hayo yana uzito gani, asili yake ni ipi, na yanaganda kwenye nyuzi ngapi za baridi. Nimefunga kompyuta. Nimemwambia Achola kichwa kinaniuma. Akasema ni kwa sababu sijapaka mafuta, ngozi yote ya kichwa imepauka, na je, nimeona kikopo chake kimekwenda wapi.

Jumatatu, 9 Juni

Sikukuu ya kuzaliwa kwa Mfalme. Ghala limefungwa. Nafasi nzuri ya kupanga.

Nilifikiri hivi: mteja mmoja akilalamika, ni mteja mkorofi. Watatu wakilalamika tatizo moja, ni kasoro ya kiwandani. Nikafungua anwani mbili mpya za barua pepe. Mr. Kiprono akaandika kwa hasira. Mrs. Wangari akaandika kwa machozi. Wote bastola zao zimekwama, wote wanataka mpya. Wangari nilimpa sentensi nzuri sana, nikakaribia kumhurumia mwenyewe.

Fomu ilitaka nambari ya bastola. Mimi nambari ninayoijua ni moja.

Jioni Dragan kanipigia simu, siku ya mapumziko, sauti yake nzito. Kestenholt wamemuuliza inakuwaje bastola moja ina wenyewe watatu, na kama imeibwa wawaarifu polisi wa hapa. Jasho likanitoka na baridi yote hii. Nikamwambia Dragan ni majina yangu mimi. Sisi Waafrika tuna majina mengi, la kanisa, la babu, la ukoo. Akauliza kama Mrs. pia ni la ukoo. Nikasema la bibi mzaa mama. Akasema atawaeleza.

Anneliese amejibu papo hapo kwamba rekodi zimesahihishwa. Sasa barua zao zinaanza: Mpendwa Dkt. Mr. Mrs. Maxwell Kiprono Wangari Wekesa.

Na kama hayo hayatoshi, mama kapiga simu kutoka Changamwe. Aliuliza mbona sauti yangu imechoka. Nikamwambia ni mambo ya bastola, ila asijali, waranti ninayo. Simu ikakatika. Baadaye nikapata ujumbe wa dada yangu kwamba mama kasikia polisi wa Australia wametoa waranti nikamatwe kwa ajili ya bastola, ameanza kufunga na kuomba, na shangazi zangu wako njiani kumliwaza. Nimetumia saa nzima kueleza kwamba kuna waranti ya kukamatwa na waranti ya bidhaa. Mama kasema mwanangu, ungama tu.

Alhamisi, 12 Juni

Anneliese bado anauliza mafuta. Maneno matupu hayamtikisi huyu. Panahitajika umma.

Kanisa letu la Mount Druitt lina grupu la WhatsApp, watu wengi na wote wana vidole vyepesi. Waburundi ndio wengi, waliokulia makambini Tanzania, sisi Wakenya ni wa kuhesabika. Nikaandika hivi:

"Ndugu zangu katika Bwana. Mguu wangu wa kuku umeharibika na bado una waranti. Kampuni inanizungusha. Naomba kila mmoja aingie kwenye ukurasa wao wa maoni, kiungo ni hiki hapa, awape vipande vyao bila kuogopa. Leo ni mimi, kesho ni wewe."

Mguu wa kuku nimeutumia makusudi. Mchungaji hataki silaha zitajwe kwenye grupu, na mtu yeyote aliyekulia mjini Kenya anajua mguu wa kuku ni bastola. Hata mtoto wa shule anajua. Nilijisifu kidogo kwa ujanja huo.

Majibu yakamiminika. Pole ndugu. Pole sana mpendwa. Mama Belyse, kiongozi wa kwaya, Mburundi mwenye sauti ya kutetemesha vioo, akaandika kwamba jambo hili haliwezi kuachwa hivi hivi, watu wanachezea afya za wageni kwa kuwa hatusemi. Sikuelewa afya imeingiaje. Nikaona ni moto wa Roho, nikamwacha.

Jumamosi, 14 Juni

Asubuhi ukurasa wa Kestenholt ulikuwa unawaka. Nyota moja, nyota moja, nyota moja, mpaka chini. Nikacheza peke yangu jikoni. Nanjala, binti yangu, alipita akasema kwa Kiingereza kwamba namtia aibu, na mle ndani hapakuwa na mtu mwingine.

Kisha nikaketi kuyasoma.

Mama Belyse alikuwa wa kwanza. Ameandika: mguu wa kuku mliomuuzia ndugu yetu ulikuwa mbichi ndani na mafuta yameganda juu, hivi kweli ninyi mna jiko au mna zizi? Mwingine ameuliza kama mmiliki wa kampuni anaweza kumlisha mtoto wake kuku kama yule. Verdiane, mke wa Bertrand, kaandika Kifaransa kirefu chenye neno "salmonelle", vijidudu vya kuku mbichi, mara tatu. Mzee mmoja wa kanisa kasema yeye hajawahi kula kuku wa Kestenholt na sasa hatakula kamwe.

Nikawategemea Wakenya. Wakenya ndio walioniua. Wao mguu wa kuku wanaujua vizuri, ila wanamjua na Wekesa, na Waluhya tunavyosifika kwa kupenda kuku. Mmoja kaandika: huyu ndugu ni Mluhya, na mngefahamu kuku ni nini kwa Mluhya, mngejua kwamba mmemvunjia heshima mbele ya ukoo mzima.

Nimempigia Bertrand. Yeye bastola yangu anaijua, alikuwepo ikikwama. Kwa nini hakumzuia mkewe? Akasema alimwona Verdiane anaandika kwa hasira habari za kuku, akadhani ni mambo ya chakula cha mchana, akaondoka polepole. Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akasema tena, kaka, bastola yangu ipo, Jumamosi ijayo ndiyo mashindano ya mwisho, itumie. Nikamwambia nina mpango. Sikuwa na mpango wowote.

Mashindano ya leo nimeyakosa. Nimekaa nyumbani nimeshika tama.

Jumanne, 17 Juni

Uamuzi umetoka. Niunakili hapa maana sitaki kuusahau.

Kampuni imechunguza picha za fundi na kuona mafuta meupe yaliyoganda ndani ya bastola. Kampuni pia imesoma kwa makini ushuhuda wa jamii ya mteja. Kutokana na hayo, kampuni imeridhika kwamba bastola ilipakwa mafuta ya kuku, au ilihifadhiwa pamoja na kuku, au vyote viwili. Waranti imefutwa. Kisa kama hiki hakijawahi kuwafikia tangu waanze kazi, na toleo jipya la mwongozo litakuwa na onyo kuhusu nyama ya ndege. Wananishukuru kwa mchango wangu.

Mafuta ya kuku! Mimi? Wananiona nani hawa? Mimi ni mtoto wa Pwani, ninajua mafuta, siwezi kupaka chombo cha thamani mafuta ya kuku kama mshenzi. Nikakaa chini nikamwandikia Anneliese barua moja kali. Nikamwambia ni matusi. Nikamwambia, kwa taarifa yake, yale yalikuwa mafuta ya nazi, safi kabisa, ya bei ya juu, ambayo mke wangu anayapaka kichwani na nywele zake zinang'aa.

Nikabonyeza kutuma. Ndipo nikaisoma tena.

Amejibu kabla chai haijapoa. Anashukuru kwa unyoofu wangu. Swali lake la tangu mwanzo sasa limejibiwa. Faili limefungwa. Je, kwa kipimo cha moja hadi kumi, nimeridhika kiasi gani na huduma niliyopewa leo?

Dragan kasema anaweza kuisafisha mwenyewe kwa gharama yangu, lakini kuna springi ya kubadilisha na inatoka Ulaya kwa meli. Mwezi huu nisahau. Nimekwenda kujifungia bafuni nikafungulia maji ili Achola asinisikie. Alinisikia. Akanigongea mlango, akasema Baba Nanjala, kwani ukitumia ya Bertrand utapungua nini? Hata mimi sijui nitapungua nini. Nitapungua tu.

Jumamosi, 21 Juni

Siku ya mwisho. Nilikwenda uwanjani mikono mitupu, nikijitia ninatembea tu. Mpango ulikuwa huu: nimshawishi Glenys kwamba kuhesabu alama za wengine nako ni kushiriki. Nikamweleza kwa hoja. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema hapana. Kama mvua ya leo isingekuwepo ningejaribu hoja ya pili.

Nikajikaza, nikasema basi nipewe bastola ya klabu, hata na utepe wake. Glenys ameshampa bibi mmoja mgeni anayeanza leo. Alikuwa ameishika kwa mikono miwili kama anayebeba mtoto wa kwanza.

Nikasimama pale. Watu wanavaa vikinga masikio, wanajipanga. Nikawa naona leseni inatoka mfukoni kwangu yenyewe. Bertrand akamaliza zamu yake. Akaitoa bastola yake risasi, akaonyesha chumba chake ni kitupu, akaiweka mezani mbele yangu, akarudi nyuma. Hakutabasamu. Angetabasamu ningekataa.

Nilipiga. Risasi zangu zilielekea kushoto, lakini ndani ya karatasi. Glenys akatia saini. Leseni yangu iko hai mwaka mwingine. Ilibidi nifute miwani, nikasingizia mvua.

Tulikunywa chai kwenye kibanda cha klabu. Bertrand kazi yake ni kuogesha wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, wiki nzima, na si mtu wa maneno. Leo alisema. Alisema alikulia kambini Mtabila, Tanzania, na kabla ya hapo walikuwa wanaukimbia mlio wa bunduki, yeye akiwa mgongoni kwa mama yake. Mpaka amekuwa mtu mzima, mlango ukipigwa na upepo alikuwa anajikuta chini ya meza. Hapa klabuni ndipo mlio ulipokuwa wake mwenyewe, kwamba anajua utatoka lini na utakwenda wapi. Jumamosi ijayo ni mashindano ya jimbo, amechaguliwa kuiwakilisha klabu. Mama yake, ambaye yuko mtaa wa Macquarie Fields kwa dada yake Bertrand, ataletwa kutazama. Mama ambaye hajawahi kukubali kusikia habari za bastola, amekubali.

Nilitaka kumwambia asante. Neno lilikuwa dogo mno. Nikamwambia chai ina sukari nyingi.

Jumapili, 22 Juni

Ibada nzima sikusikia mahubiri. Nawaza nimlipe nini Bertrand. Zawadi ya kawaida haitoshi kwa mtu aliyeniokoa.

Nimepata. Ile bastola yake inavuta kushoto. Risasi zangu zote zilikwenda kushoto, na mimi si mtu wa kushoto. Glenys anasema ni kidole changu kinavyobana, lakini Glenys si fundi. Bertrand amezoea tu, anajirekebisha bila kujua, maskini ya Mungu. Na waranti bado anayo. Imetengenezwa na kampuni nyingine kabisa, si wale wa kuku.

Na mimi sasa ni mzoefu. Huduma kwa wateja naijua ndani nje. Najua wasichokisoma na najua kinachowaruka macho. Kwa Anneliese nililikosa neno moja tu linalowaamsha, nalo ni "hatari". Nimewaandikia ukurasa mzima kwa jina la Bertrand, nambari nimeitoa kwenye kadi ya alama. Sikuongopa mafuta, sikujiita daktari. Nimesema tu kwamba inapeleka risasi pasipotarajiwa, na kwamba maisha ya watu yamo hatarini. Nakala kwa klabu, nakala kwa Dragan.

Sijamwambia mtu. Nataka imjie ghafla.

Jumanne, 24 Juni

Wamejibu. Siku mbili! Hii ndiyo kampuni. Hakuna maswali ya mafuta, hakuna kunizungusha. Wanamshukuru Bw. Kubwimana kwa kuripoti. Bastola isitumike tena hata mara moja. Fundi aliyeidhinishwa aichukue leo leo, isafirishwe kiwandani, ikaguliwe yote, bure. Miezi miwili, labda mitatu.

Dragan ameshaichukua mchana. Glenys ameshamwarifu Bertrand, na amemweleza kwamba kwa mashindano ya jimbo bastola huandikishwa mapema na haibadilishwi, kwa hiyo jina lake ameliondoa.

Bertrand kanipigia jioni. Sauti ilikuwa chini sana, mpaka nikamwambia aongeze. Aliuliza kama nilipoitumia niliona tatizo lolote, maana yeye haelewi, hajaandika kitu, na mama yake ameshanunuliwa koti la baridi la kuvaa uwanjani. Nikamwambia atulie, kampuni nzuri hujua mambo kabla ya mteja. Nusura nicheke. Nilijizuia kwa shida, maana mtu ukimwambia jambo zuri kwenye simu unaliharibu.

Jumamosi si mwisho wa dunia. Mimi nimekaa karibu mwezi mzima bila bastola na sikufa. Akirudishiwa ikiwa mpya, inapiga katikati, ndipo ataelewa.

Nimemwomba mchungaji dakika tano baada ya ibada ya Jumapili. Nitamsimamisha Bertrand mbele, na Verdiane, na yule mama na koti lake, kisha nitawaambia wote kwamba aliyeandika ni mimi.